Safu Iliyopanda Juu ya Kinoo

Lenox Oyoo alikuwa na kazi ambayo ukimweleza mtu wa Woodley, mtaani kwake jijini Nairobi, alikutazama viatu kwanza, halafu uso, aone kama u mzima. Kazi yake ilikuwa kupima urefu wa mbingu. Si mbingu ya mchungaji, hapana, ile ina wenyewe. Hii ni ile hewa ya juu kabisa, kilomita mia moja kwenda mia tatu na ushei, ambako jua huichoma mpaka inashika umeme, na wenye vyuo wanaiita ionosfia. Wimbi la redio likirushwa huko hugonga likarudi, kama mpira ukutani. Basi, huo ndio usomi wote unaohitajika hapa, na yeyote atakayekuambia kuna mwingine zaidi ya huo anataka kukuuzia kitabu.

Mtambo wenyewe ulikuwa Kinoo, kando ya Waiyaki Way, katika ploti ya Kituo cha Hewa ya Juu: mlingoti mmoja, nyaya zilizotandazwa kama kamba za kuanikia nguo za jitu, na chumba cha mabati chenye kompyuta mbili na birika la chai. Kila baada ya muda mtambo ulirusha mawimbi juu, ukianza na masafa ya chini na kupanda, kisha ukatega sikio kusubiri mwangwi. Chukua muda ambao mwangwi umetumia kwenda na kurudi, zidisha kwa mwendo wa mwanga, gawanya kwa mbili, umepata urefu. Kompyuta ilichora mistari iliyojipinda mwishoni kama mkia wa mbwa mwenye furaha, na Oyoo akaweka alama: hapa ndipo safu ya E, ile ya chini, hapa ndipo safu ya F, ile ya juu. Mchoro baada ya mchoro, tangu enzi zile nywele zake zilipokuwa nyingi na akizichana.

Fundi wa mtambo alikuwa Ndungu, mzaliwa wa Kinoo, mtu wa maneno mengi na bisibisi mfukoni. Wageni walipofika, Oyoo aliwaeleza kwa Kiswahili cha darasani kwamba urefu unaosomwa si urefu wa kweli, kwa sababu wimbi hupunguza mwendo likiingia kwenye hewa yenye umeme, hivyo saa inadanganya na lazima upige hesabu ya kuisahihisha. Wageni waliitikia kwa vichwa na kuangalia mlango. Ndipo Ndungu, aliyemwita Oyoo Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, alipoingilia.

"Jaduong' anawasumbua bure. Sikizeni. Hiyo wimbi ni kama mtu umetuma duka. Anafika kwa kona, anapata mabeshte, anasimama, anapiga domo. Wewe uko hapa na saa, unasema, 'Kumbe duka iko mbali hivi!' Duka iko pale tu. Ni mdomo."

Wageni walicheka, wakaelewa. Oyoo naye alicheka, ingawa ilimuuma kidogo, maana yeye ndiye aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili juu ya jambo hilo, na Ndungu alikuwa na cheti cha kutengeneza televisheni.

Shahada hiyo sasa. Oyoo aliianza kitambo, katika chuo kimoja katikati ya jiji. Wasimamizi wake wawili wa kwanza walistaafu wakimsubiri, na wa tatu alikuwa mtu wa kusoma utangulizi na hitimisho tu, kama anayenunua mkate kwa kubonyeza ncha mbili. Chuo kilikuwa kimemwongezea muda, kikamwongezea tena, kisha kikasema safari hii ndiyo ya mwisho: atetee tasnifu yake au jina lake lifutwe. Kustaafu nako kulikuwa mlangoni. Lakini Oyoo hakuwa na wasiwasi, kwa kuwa alikuwa na kitu ambacho maprofesa wengi huzikwa bila kukipata. Alikuwa amegundua jambo.

Safu zilikuwa zimepanda.

Aliligundua alipokuwa akipanga wastani wa kila mwaka. Miaka mingi safu ya F ya adhuhuri ilikaa palepale, ikipanda na kushuka kidogo kulingana na hasira za jua. Halafu mwaka mmoja wastani ukapanda kilomita sita. Mwaka uliofuata, kumi na mbili. Kisha ukatulia huko juu, kama mpangaji aliyehamia ghorofa na hataki tena kurudi chini. Oyoo alirudia hesabu. Akaitazama safu ya E. Nayo ilikuwa imepanda, tena kwa kiasi kilekile! Siku hiyo alitoka nje ya chumba cha mabati, akaangalia juu, pale juu ya mapaa na matangi ya maji ya Kinoo, na kwa mara ya kwanza maishani akajiona mrefu.

Alimweleza mke wake Lornah, fundi wa nguo pale Woodley, naye Lornah akawaeleza wateja. Kanisani mchungaji alitangaza kwamba ndugu yetu Oyoo amegundua mbingu inasogea, na mzee mmoja akauliza kama inasogea kuja ama kwenda, maana hilo lina maana yake. Majirani wakampa jina la Bwana Mbingu. Alijifanya halimpendezi.

Kuna jambo moja la pale kituoni ambalo lazima uelezwe sasa, kwa sababu bila hilo hutaelewa kilichomponda. Wimbi likirudi chini kutoka juu, haliishii hapo. Hugonga ardhi, likaruka tena juu, likarudi mara ya pili. Kwa hiyo mchoro huwa na mwangwi wa kwanza na, juu yake, mwangwi wa pili, karibu mara mbili ya urefu, mchovu na hafifu. Mkubwa wa zamani wa kituo, mzee Kimanzi, alikuwa mtu msafi kupita kiasi, wa kupiga pasi hata leso. Aliuchukia mwangwi wa pili. Wageni walipouona waliuliza ni safu gani hiyo, akalazimika kueleza upya. Akaamuru ufutwe. Kila asubuhi, kabla ya kuweka alama, mchoro ulifutwa sehemu yote ya juu, ukahifadhiwa ukiwa safi. Waliita kazi hiyo kufagia. Mzee Kimanzi alistaafu akarudi kwao Machakos, lakini ufagio ulibaki mkononi mwa Oyoo. Alifagia vizuri kuliko hata mwalimu wake. Wanafunzi walioletwa kujifunza, jambo la kwanza aliwafundisha kufagia.

Siku ya kutetea tasnifu Oyoo alivaa koti la kijivu aliloshonewa na Lornah, akaingia katika chumba cha chuo kule jijini chenye meza ndefu na chupa za maji. Jopo lilikuwa la watu wanne. Watatu aliwafahamu, nao walishazoea kuitikia kwa vichwa. Wa nne alikuwa mtahini kutoka nje ya chuo, Daktari Waceke, mama mtulivu mwenye miwani iliyoning'inia kwa ushanga, ambaye kazi yake yote ilikuwa mitambo ya aina hiyohiyo.

Oyoo alizungumza vizuri. Alionyesha mistari yake safi, mmoja baada ya mwingine. Alionyesha wastani ukipanda ngazi. Alipomaliza, mmoja wa wale watatu akapiga makofi mawili, kisha akakumbuka mahali alipo.

"Bwana Oyoo, kazi nadhifu sana," alisema Daktari Waceke. "Nina swali dogo."

Aliyepita shule hata kwa dirisha anajua swali la namna hiyo huwa na ukubwa gani.

"Safu ya F imepanda kilomita ngapi?"

"Kumi na mbili, Daktari."

"Na ya E?"

"Kumi na mbili pia!" Oyoo alijibu kwa fahari, kwa sababu hapo ndipo alipokuwa amewabana wapinzani wote katika ndoto zake. "Sawasawa kabisa. Mchana, asubuhi, msimu wa mvua, kiangazi."

"E ya mchana huwa haihami hivyo, popote duniani."

"Ndiyo maana nauita ugunduzi, Daktari."

Watu walicheka kwa upole. Daktari Waceke naye alitabasamu, lakini macho yake hayakuwemo katika tabasamu hilo.

"Yaani mbingu yote imeinuliwa kwa pamoja, kama kreti ya soda?"

"Unaweza kusema hivyo."

"Kreti ikiinuliwa sawasawa namna hiyo, mimi huwa namtafuta anayeinua. Mwaka ule mlibadilisha nini pale Kinoo?"

Oyoo alifungua mdomo kusema hakuna. Badala yake akamwona Ndungu akilini, mwaka ule, amekaa sakafuni na risiva mpya, ile mashine ya kupokea mwangwi, mapajani. Maghorofa yalikuwa yameota kuzunguka ploti yao, kila chumba na taa zake, chaja zake na televisheni zake, na kelele za umeme zikaujaza mchoro hadi mwangwi ukawa hauonekani. Ndungu akafunga risiva yenye chujio jembamba, linalopitisha kidogo sana kwa wakati mmoja, na kelele zikaisha. Walisherehekea kwa chai. Ilikuwa katikati ya mwaka. Katikati kabisa. Nusu mwaka kwenye risiva ya zamani, nusu kwenye mpya, na wastani ukatoka sita. Mwaka uliofuata mpya tupu, ukatoka kumi na mbili.

"Risiva tu," alisema.

"Risiva tu," Daktari Waceke alirudia, bila kejeli. "Na chujio?"

"Jembamba zaidi, Daktari. Kwa ajili ya kelele."

"Chujio jembamba huchelewesha. Wimbi limesharudi, liko mlangoni, linasubiri foleni ndani ya mashine yenu. Ninyi mnahesabu ule muda kama safari. Ucheleweshaji mdogo tu, chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, unawapa kilomita kumi na mbili za bure." Alivua miwani. "Lakini huenda nimekosea, nami ningependa kukosea. Mwangwi wa pili ulisema nini?"

Wenzake wa jopo walidhani hilo ni swali la kumsaidia. Na kweli lilikuwa la kumsaidia. Kwa maana mwangwi wa pili umekwenda safari mbili lakini umepita kwenye mashine mara moja tu. Toa wa kwanza kutoka kwa wa pili, ucheleweshaji unajifuta wenyewe, unabaki na urefu usio na mkono wa fundi ndani yake. Ni hesabu ya kutoa. Oyoo angeweza kuifanya asubuhi yoyote akisubiri chai ichemke. Alilifahamu hilo papo hapo, limesimama mbele yake zima zima.

"Hatuna," alisema. "Huwa tunafagia."

"Mnafanyaje?"

"Tunafuta. Ili mchoro uwe safi."

"Yote?"

"Yote, Daktari. Mimi mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Walimwomba atoke kidogo, wakamwita tena, na mwenyekiti wa jopo akazungumza akiangalia chupa ya maji. Alisema kazi ya namna hii haiwezi kurudishwa kusahihishwa, kwa kuwa dai lilikuwa moja tu, na dai likiondoka hakuna cha kusahihisha. Muda pia ulikuwa umekwisha, Oyoo mwenyewe alijua. Daktari Waceke alimfuata hadi kwenye ngazi.

"Bwana Oyoo, pima leo kabla hujaamini maneno yangu. Huenda si zote kumi na mbili. Huenda chujio limekula nane na nne ni za kweli."

"Asante, Daktari."

Maneno hayo yalimbeba kutoka katikati ya jiji hadi Kinoo. Nne! Nne zingetosha. Hata mbili. Akiwa njiani alishaanza kuandika kichwa cha makala mpya akilini, ya unyenyekevu zaidi, mpando mdogo, lakini mpando. Binadamu akinyang'anywa nyumba huanza kuulizia kama atabakishiwa choo.

Ndungu alikuwa amemngoja na mutura moto, utumbo uliojazwa nyama, kwenye gazeti na soda mbili.

"Jaduong'! Niaje! Nisalimie kwa magoti ama sasa wewe unataka tu heshima ya kawaida?"

"Washa mtambo. Usifagie."

"Hata hujakula..."

"Ndungu bwana, washa."

Mtambo ukarusha mawimbi, wakasubiri. Mstari wa E ukajichora, kisha wa F, na juu yake, pale ambapo kwa miaka walikuwa wakipitisha ufagio, ukatokea mstari hafifu, umekonda, kama jamaa asiyealikwa anayechungulia harusi. Oyoo aliweka alama kwenye masafa yaleyale katika mistari yote miwili. Wa kwanza: mia mbili sitini na mbili. Wa pili: mia tano na kumi na mbili. Akatoa. Mia mbili hamsini. Wa kwanza ulikuwa umezidi kwa kumi na mbili.

Walirudia mchoro uliofuata. Kumi na mbili. Na uliofuata. Walirudia hadi mutura ikaganda mafuta. Urefu wa safu ulibadilikabadilika kama kawaida yake, lakini ile ziada ya mashine ilikuwa kumi na mbili kila mara, hazikubaki nne za kweli, hazikubaki mbili, haikubaki hata moja ya kumkopesha mtu heshima.

"Chujio niliweka mimi," Ndungu alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa imekosa mzaha, na bila mzaha ilikuwa sauti ya mtu mwingine kabisa.

"Ulikuwa unafanya kazi yako."

"Si ungeniuliza, Jaduong'? Ningekuambia inachelewesha. Hata redio ya gari huchelewesha."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza kama inafanya kazi. Nikasema inafanya."

Ni kweli, ndivyo alivyouliza. Na sasa alikumbuka pia kwamba siku ile, akiwa na wastani wake mkononi, wazo la risiva lilimpitia kichwani, likasimama kidogo kama mtu anayetaka kubisha hodi, naye akaenda nje kuangalia mbingu.

Nyumbani Lornah aliizima cherehani alipoona jinsi mumewe alivyovua koti, akiliweka kitini kama anayemlaza mgonjwa.

"Baba Quincy, wamesema nini?"

"Haikupanda."

"Nini haikupanda?"

"Safu. Nilikosea kupima."

"Ulikosea kidogo ama sana?"

"Kumi na mbili."

"Kati ya ngapi?"

"Mia mbili hamsini."

"Ai! Hiyo ni kitu ndogo. Mimi nikikosea suruali hivyo mteja anavaa na anashukuru."

"Mama Quincy," Oyoo alisema taratibu, "hiyo kumi na mbili ndiyo ilikuwa suruali yenyewe."

Lornah alilichukua koti, akalitundika. Simu yake ililia, ni akina mama wa kanisa, akaiacha ilie. Ikalia tena. Akauliza awaambie nini, na Oyoo akasema awaambie chochote, na hilo ndilo lililomtisha mke wake, kwa kuwa miaka yote ya ndoa yao mtu huyo hakuwahi kukubali neno "chochote" litumike mahali pa kipimo. Lornah alipika omena, akaila peke yake.

Kituo kilipata habari. Habari za namna hiyo hazihitaji antena. Hakuna aliyemfokea, afadhali wangemfokea. Wakubwa walikaa, wakasema mengine yote yako sawa, ni zile kumi na mbili tu, basi rekodi zote tangu risiva mpya zisahihishwe kabla hajastaafu, na anayezijua zaidi ni yeye. Daktari Waceke alimpigia simu akasema anaweza kuandika makala fupi juu ya hitilafu yenyewe, iwaonye wengine. Oyoo alimshukuru. Alimaanisha, lakini hakuandika. Majirani waliendelea kumwita Bwana Mbingu, na sasa jina lilikuwa na mdomo ulioinama upande mmoja.

Kwa hiyo ukienda Kinoo leo utamkuta katika chumba cha mabati, miwani puani, amefungua rekodi ya siku moja. Anasoma urefu wa safu ya E, anatoa kumi na mbili, anaandika. Anasoma wa safu ya F, anatoa kumi na mbili, anaandika. Anafungua inayofuata. Mchana baada ya mchana anaishusha mbingu kwa mkono wake, kidogo kidogo, hadi pale ilipokuwa kabla hajaiona ikipanda. Mwaka wa kwanza ameumaliza. Wastani wake umerudi chini, umekaa sambamba na wa miaka ya nyuma yake, na mtu asiyejua hangeweza kuonyesha mahali ambapo zamani palikuwa na ngazi.

Ndungu alivumilia kumtazama kwa wiki kadhaa. Siku moja akashindwa, akavuta kiti karibu.

"Jaduong', hiyo kazi kompyuta si inafanya yote mara moja tu? Naandika mstari mmoja hapa, tunaenda kunywa chai, tunapata imeisha."

"Najua," Oyoo alisema, na akafungua siku iliyofuata.